Mmea gani uelee juu ya tangi la samaki? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Tangi linalozungumziwa hapa liko sebuleni katika nyumba moja ya Kirumba, jijini Mwanza. Lina urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 40, na ukiondoa changarawe ya chini pamoja na nafasi inayoachwa juu, maji yaliyomo ni kama lita 90. Wanaoishi humo ni gapi wa rangi mbalimbali na gurami wawili wa buluu. Mwenye tangi, muuguzi mstaafu, aliniomba ushauri kwa sababu ya mambo matatu yaliyokuwa yakimsumbua: mwani wa kijani uliofunika vioo muda mfupi tu baada ya kusafishwa, vifaranga wa gapi walioliwa na wakubwa kabla hawajapata nguvu ya kukimbia, na gurami walioshinda mchana kutwa wamejibanza nyuma ya chujio. Alikuwa amesikia kwamba mimea inayoelea hutibu yote matatu, na alichotaka kujua ni mmea upi achukue.

Aliyosikia yana ukweli. Mmea wenye majani juu ya maji huvuta hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka hewani, ambako haiishi, wakati mmea uliozama hutegemea kiasi kidogo kilichoyeyuka majini. Kwa hiyo mmea unaoelea hukua kwa kasi, na kadiri unavyokua ndivyo mizizi yake inavyonyonya amonia na nitrati zinazotokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki, yaani chakula kilekile ambacho mwani ungekila. Majani hupunguza mwanga unaoingia ndani, jambo ambalo pia huukwamisha mwani. Mizizi inayoning'inia huwa maficho ya vifaranga, na samaki wa jamii ya gurami, ambao kwa asili huishi katika maji yaliyotulia yenye majani mengi, hutulia wanapokuwa na kivuli juu ya vichwa vyao.

Lakini ipo hatua moja ambayo wengi huisahau, nayo ndiyo iliyoongoza uamuzi katika kisa hiki. Nitrojeni iliyonyonywa na mmea haijatoka ndani ya tangi. Imehamia kwenye jani tu. Jani likizeeka na kuozea majini, amonia inarudi palepale. Uchafu unatoka kwa kweli pale tu mwenye tangi anapochota mimea iliyozidi na kuitoa nje. Kwa sababu hiyo nilimwambia kwamba kabla ya kuuliza mmea utakua vipi, tuulize kwanza utatolewa vipi, na ukishatolewa utapelekwa wapi.

Hali ya tangi lenyewe ilibidi iangaliwe kwa makini. Lilikuwa limewekwa pembeni mwa dirisha linaloelekea mashariki, na jua la asubuhi lilipiga kioo cha upande mmoja kwa saa kadhaa, hivyo sehemu ya mwani ilitokana na mahali lilipowekwa, na hakuna mmea ambao ungefuta kosa hilo. Chakula nacho kilikuwa kingi. Wajukuu walikuwa wakiwalisha samaki kila walipopita. Juu kulikuwa na mfuniko wa kioo ulioacha kama sentimita tano za hewa kati yake na maji, na upande wake wa chini ulijaa matone ya mvuke yaliyodondoka mfululizo. Chujio la kuning'inia lilimwaga maji kwa nguvu katika pembe moja, likisukuma uso wote wa maji kuzunguka. Isitoshe umeme hukatika, wakati mwingine usiku kucha, na hapo chujio na pampu ya hewa husimama pamoja.

Hili la umeme linahitaji maelezo zaidi. Usiku mimea haitengenezi oksijeni bali huitumia, kama samaki wanavyoitumia. Chujio likisimama, oksijeni huingia majini kupitia uso wa maji ulio wazi tu. Uso huo ukiwa umefunikwa wote na majani, maji ya chini hupungukiwa hewa. Gurami ana kiungo maalumu juu ya matamvua kinachomwezesha kumeza hewa ya juu, kwa hiyo anaweza kustahimili alimradi apate upenyo wa kufika juu. Gapi hana kiungo hicho. Anayefuga samaki mahali ambapo umeme si wa uhakika hana budi kuuhesabu uso wa maji kama sehemu ya mtambo wake wa hewa, na kwa tangi hili niliona mimea isivuke nusu ya uso wakati wowote.

Pendekezo la kwanza lilitoka ndani ya familia. Mpwa wake, ambaye hufanya kazi karibu na soko la samaki la Mwaloni, alisema, "Shangazi, magugu maji yamejaa pale ziwani na wala hayauzwi. Nikuletee ndoo moja kesho?" Shangazi yake akamjibu, "Hebu subiri kwanza mwanangu. Cha bure hicho huenda kikanigharimu." Alikuwa na haki ya kusita, na sababu zake ni nzito kuliko yeye mwenyewe alivyodhani.

Sababu ya kwanza ni ya mmea wenyewe. Gugu maji, ambalo wataalamu huliita Pontederia crassipes na zamani waliliita Eichhornia crassipes, lina asili ya bonde la Amazoni, nalo huhitaji jua kali la wazi. Likiwa ziwani majani yake husimama juu ya maji kwa sentimita thelathini na kuzidi. Chini ya mfuniko ulioacha sentimita tano, na chini ya taa ndogo ya LED, majani yangegusa kioo, yangelowa kwa mvuke, yangenyauka na kuozea humohumo. Mizizi yake myeusi yenye manyoya inapendeza kwa vifaranga, lakini mmea unaokufa polepole ndani ya lita 90 unaongeza amonia badala ya kuipunguza.

Sababu ya pili ni konokono. Katika Ziwa Viktoria, magugu yanayoelea kando ya ufukwe hubeba konokono wa jenasi ya Biomphalaria, ambao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha matumbo, Schistosoma mansoni. Vimelea vinavyotoka kwa konokono huishi majini kwa siku moja au mbili tu, kwa hiyo kuna watu wanaodhani kwamba kuuacha mmea kwenye ndoo kwa siku tatu kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa konokono aliyeambukizwa huendelea kumwaga vimelea vipya kwa wiki nyingi, na anaweza kuwa mdogo kama punje ya mchele akiwa amejificha katikati ya mizizi. Kila anayesafisha tangi huingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Muuguzi huyu ameona wagonjwa wa kichocho kwa miaka mingi ya kazi yake, na nilipoitaja hatari hiyo hakuhitaji maelezo zaidi.

Sababu ya tatu ni historia ya ziwa lenyewe. Gugu hili lilikwisha kuonekana nchini Tanzania katika Mto Sigi mwaka 1955 na Mto Pangani mwaka 1959, kisha likaingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sehemu kubwa likishuka na Mto Kagera. Mwaka 1998 Ghuba ya Winam upande wa Kisumu peke yake ilikuwa na zaidi ya hekta 17,000 za magugu. Wadudu wa jenasi ya Neochetina walioachiwa katika miaka ya 1990 walisaidia sana kulipunguza, ila halikuisha, kwa kuwa mbegu zake hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Na mmea huu ulivuka bahari ukiwa mikononi mwa wapenda maua waliolipenda ua lake la zambarau. Sisi wafugaji wa samaki wa mapambo ni wa ukoo huohuo wa watu, na nadhani tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunaponunua mmea wa majini. Kweli, mmea mmoja zaidi kutoka Kirumba usingebadili hali ya ziwa ambalo tayari linao. Ila mazoea ya kutupa mabaki ya tangi kwenye mfereji wa barabarani, katika mji ambao mifereji yake na Mto Mirongo humwaga ziwani, ni mazoea yaleyale ambayo kesho yatapeleka humo mmea ambao bado haujafika.

Hapo ndipo salvinia, mmea mwingine unaoelea, ilipoondolewa kwenye orodha. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa tayari kuituma kwa basi, na kwa macho inavutia: majani madogo mawili mawili yenye vinywele vinavyosukuma tone la maji likaviringika bila kulowesha jani. Hata hivyo Salvinia molesta, iliyotoka kusini mashariki mwa Brazili, haihitaji mbegu kabisa. Ni tasa, na kila kipande kilichokatika ni mmea mpya. Ilionekana katika Ziwa Kariba mwaka 1959, muda mfupi baada ya bwawa kuanza kujaa, na kufikia mwaka 1962 ilikuwa imefunika kama kilomita za mraba 1,000. Ziwa Naivasha liliteseka nayo tangu miaka ya 1960 mpaka mdudu Cyrtobagous salviniae alipoletwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa ni salvinia iliyosumbua vivuko kati ya Kigongo na Busisi, mahali ambapo watu wa Mwanza wanapajua vizuri. Wapo aina nyingine za salvinia zisizo na ukali huo, lakini zikiwa changa huwezi kuzitofautisha kwa macho ya kawaida, na muuzaji hakuweza kusema yake ni ipi. Kwa wasomaji walioko katika nchi za Umoja wa Ulaya suala hili ni la kisheria pia: gugu maji limepigwa marufuku kuuzwa na kufugwa huko tangu 2016, Salvinia molesta tangu 2019, na Pistia tangu 2024.

Pistia stratiotes, ule mmea unaofanana na kichwa kidogo cha saladi chenye majani ya kijani hafifu, ulikuwa mgombea wa kweli. Hauhitaji kimo kirefu, mizizi yake ni mingi na huchotwa kwa mkono mmoja mmoja bila kuacha vipande. Kilichouangusha ni mambo mawili. Majani yake yana manyoya ya kuzuia maji, lakini matone ya mfululizo kutoka kwenye mfuniko hujikusanya katikati ya mmea, na moyo wake huoza. Pia mbu wa jenasi ya Mansonia hutaga kwenye majani ya mmea huu, na viluwiluwi wao hutoboa mizizi na kuvuta hewa humo badala ya kupanda juu ambako samaki wangewaona. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwenye bwawa la nje kuliko sebuleni, lakini kwa kuwa Pistia inayopatikana Mwanza hutoka ziwani au kwenye madimbwi, ingekuja na konokono na mayai ya mbu kwa pamoja.

Lemna, mmea wa vijani vidogo sana vinavyotanda juu ya maji, ilitolewa haraka. Katika hali nzuri huongezeka maradufu kwa siku chache, na hakuna mmea unaosafisha maji kwa kasi hiyo kwa bei ndogo hivyo, lakini vijani vyake vya milimita chache hunata kwenye mkono, kwenye wavu, kwenye mpira wa kubadilishia maji na kwenye mdomo wa chujio. Mtu akishaiweka, kuiondoa yote ni kazi ya miezi, na kijani kimoja kilichobaki huanza upya. Kwa kipimo chetu cha kwanza, yaani mmea utatolewa vipi, ilishindwa. Azola, kangaga dogo linaloelea, ilishindwa kwa sababu tofauti: ndani ya majani yake huishi bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani, jambo ambalo ni neema kwa mkulima wa mpunga, lakini kwa mwenye tangi maana yake ni kwamba mmea hauna haja kubwa ya nitrati iliyomo majini.

Limnobium laevigatum ndio mmea ambao wafugaji wengi wa nje wangeuchagua kwa tangi la ukubwa huu, nami naelewa kwa nini. Ukiligeuza jani lake la duara unakuta tumbo jeupe la sifongo lililojaa hewa, na chini yake mizizi mirefu iliyonyooka. Huchotwa kirahisi, mmea mmoja mmoja. Lakini upande wa juu wa jani ukilowa muda mrefu hugeuka kahawia na kuoza, na mfuniko wa nyumba ile ungeulowesha kila saa. Mfuniko wenyewe usingeweza kuondolewa, kwa sababu gurami huruka na paka yumo ndani. Juu ya hayo, mmea huu kutoka Amerika ya Kusini umekwisha kuota mwituni Zimbabwe na Zambia, na sikuona sababu ya kuuleta kwenye mji ulio ufukweni mwa ziwa. Mmea mwekundu wa Phyllanthus fluitans, ambao picha zake huvutia wengi, unahitaji maji yaliyotulia kabisa na mwanga mwingi, kwa hiyo haukujadiliwa kwa muda mrefu.

Uliobaki, na uliochaguliwa, ni Ceratopteris cornuta, kangaga la maji ambalo ni la Afrika ya kitropiki lenyewe. Watu wengi hulipanda kwenye changarawe wasijue kwamba likiachwa lielee hupanuka, majani yakawa manene na mapana, na mizizi ikashuka kwa wingi. Halisumbuliwi sana na jani kulowa. Linapenda maji ya nyuzi 22 hadi 28, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya tangi lisilo na kipasha joto Mwanza. Na lina tabia inayolifaa hasa tangi hili: pembezoni mwa jani lililokomaa huchipuka vitoto vyenye mizizi yao midogo, na mwenye tangi huweza kukichukua kitoto kimoja na kulitupa jani zee lote, hivyo uvunaji na upandaji ni kitendo kimoja. Udhaifu wake upo. Majani huvunjika kirahisi, na likikosa chakula hutoboka na kugeuka uwazi kama karatasi iliyolowa mafuta. Lakini vipande vyake ni vikubwa vya kutosha kuonekana na kuokotwa.

Mimea ilipatikana kwa mfugaji aliyeikuza kwenye matangi yake mwenyewe, si kutoka ziwani. Hata hivyo ilikaa kwanza kwenye ndoo nyeupe ya maji safi, ambamo konokono na mayai yake, yaliyo kama tone la ute chini ya jani, huonekana bila shida. Kila mmea ulisuuzwa na kukaguliwa mizizi. Tangi lilisogezwa kutoka dirishani, na walishaji wakapunguzwa wakabaki mmoja. Kisha mpira wa pampu ya hewa ulikatwa, ncha zake zikaunganishwa kuwa duara, na duara hilo likabandikwa chini ya mdomo wa chujio, likawa dirisha la maji wazi ambamo mimea haiingii. Hapo chujio linamwaga maji bila kuyazamisha majani, chakula kinadondoshwa, na hewa inaingia umeme ukikatika. Duara la pili liliwekwa upande wa pili, na nguvu ya chujio ikapunguzwa.

Mabadiliko hayakuja yote kwa pamoja. Wiki za kwanza majani yaliyokuwa yamezoea maji ya mfugaji yalikufa, nayo yalitolewa kabla hayajaoza. Machipukizi yalipoanza kuwa ya njano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, hiyo ilikuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma, kwa kuwa maji ya bomba huwa na chuma kidogo na samaki hawakileti cha kutosha. Mbolea ya maji ya mimea ya tangi, kwa kipimo cha chini ya kilichoandikwa kwenye chupa, iliyarudisha. Mwani wa vioo ulipungua taratibu hadi kufutwa kwake kukawa kazi ndogo, ingawa kwa haki nusu ya sifa hiyo ni ya kuondolewa dirishani. Gurami dume alitoka nyuma ya chujio. Baadaye alionekana akipanda juu, akimeza hewa, na kutema mapovu madogo chini ya jani moja pana, akiyapanga mpaka yakawa kiota kilichoshikwa na jani hilo. Vifaranga wa gapi nao wanaonekana asubuhi wakiwa kati ya mizizi, si wote, lakini wa kutosha. Hasara iliyopatikana ni mmea mmoja mwekundu wa chini uliopoteza majani yake ya chini kwa kukosa mwanga, na ilibidi uhamishiwe chini ya duara lililo wazi.

Kila wiki anapobadilisha maji, mama huyu huchota kangaga lililovuka mpaka wa nusu. Halipelekwi mferejini wala kwenye karo. Hutandazwa juu ya bati uani mpaka likauke na kuvunjikavunjika, kisha hufukiwa kwenye shimo la mbolea ya migomba. Maji yaliyotolewa humwagiwa mchicha uliopo uani. Majirani wakiomba mche huwapa, akiwaeleza kwanza kuhusu bati.

Jibu hili ni la tangi hili. Angekuwa anafuga samaki wa dhahabu, wangelila kangaga lote, na hapo lemna, ambayo wao huila kwa furaha, ingeacha kuwa kero na kuwa lishe, alimradi ikuzwe kwenye beseni la pembeni na kuletwa kwa kipimo. Tangi lisilo na mfuniko, mbali na ziwa au mto, lingeweza kuruhusu Limnobium. Na kwa anayefuga furu wa Ziwa Viktoria, ambao huchimba changarawe na kung'oa kila kilichopandwa, mimea inayoelea ndiyo karibu pekee inayodumu, na hapo ningeanza na Ceratophyllum demersum, mmea wa ziwa hilohilo, usio na mizizi, unaochotwa kwa mafungu, lakini uliokuzwa kwenye tangi na si uliotolewa ufukweni.